Plamu za Chokoleti na Nyayo za Obiero

Jumatatu, 4 Januari 1971. Kiplombe.

Mimi Jackson Kipyego nina miaka sabini na tatu, kwa hesabu ya padre. Kwa hesabu yangu ni zaidi, lakini sibishani na kanisa. Nimeona Makaburu wakifika hapa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na nimeona wakiondoka na magari ya petroli. Mimi niko. Nimeishi kupita nzige, kupita kile kipande cha kitambulisho tulichofungwa shingoni, kupita mabwana watatu wazungu pamoja na mbwa wao wote, na kupita nyumbu mmoja aliyenipiga teke la kifua akafa yeye. Rika langu karibu lote limezikwa. Mimi bado natafuna mahindi ya kuchoma. Kwa upande wa kushoto.

Kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma makopo ya jikoni. Neno langu la kwanza lilikuwa KAKAO. Naandika habari hii kwa sababu kuna mtu ataipindua. Sitaji jina. Obiero.

Maneno ni hivi. Shamba la Bwana Kofia, mzungu wangu wa mwisho, ambako nilifanya kazi ya jikoni miaka mingi, limenunuliwa na kampuni yetu ya mashamba. Sasa tunagawana. Leo kila mwanachama alivuta karatasi kutoka kwa kofia, na kwa karatasi kuna namba ya kipande chake. Nikavuta. Kipande cha jikoni! Kile chenye jikoni ya mawe, miti ya plamu na stroberi za Memsab, bibi ya Bwana Kofia! Nikaruka juu kama kijana. Kugeuka, naona Lazarus Obiero naye anaruka. Karatasi yake namba ile ile!

Kamati ikasema ni makosa ya kuandika. Ati namba moja iliandikwa mara mbili na nyingine ikasahauliwa. Iliyosahauliwa ni ya kinamasi kule chini, nyumbani kwa vyura. Kwa hivyo mmoja wetu atapata plamu na mwingine atapata vyura. Mwenyekiti Khisa akasema kamati itakuja Jumamosi kupiga vigingi. Itapita kwa boma la Obiero, ipite na kwangu, isalimiwe vizuri, halafu iamue nani anafaa kile kipande.

Makosa ya kuandika! Nani ana mwandiko mzuri kuliko wote kwa kampuni? Obiero. Nani alimwazima karani kalamu? Sijui. Lakini kufikiri hakukatazwi.

Huyu Obiero alikuwa dereva wa trakta ya Bwana Kofia. Anajisifu ati yeye ndiye alichimba mashimo ya hiyo miti. Kuchimba! Hata fuko anachimba.

Tapsubei, bibi yangu, akaniuliza nitawapa wageni nini. Nikamwambia angoje aone. Najua tayari. Krismasi na siku za kuzaliwa, Memsab alikuwa anachovya plamu na stroberi kwa chokoleti, na wageni wanalamba vidole mpaka pete. Hiyo kazi naijua yote. Nilikuwa karibu kabisa. Dirishani. Kuni zilikuwa zangu.

Kamati ikila hiyo kitu, itajua yenyewe miti ile ni ya nani.

Jumanne, 5 Januari

Nimetembea mpaka Eldoret, ambayo sisi wazee tunaita Sisibo. Nikaingia duka la Velji. Nikaomba chokoleti ya kupika, ile nyeusi, vipande vikubwa. Velji akauliza, Mzee, hii ni ya wajukuu? Kabla sijajibu, mtu nyuma yangu ananisalimia kwa adabu nyingi. Angeline! Bibi ya Obiero! Ati amekuja kununua chumvi. Tangu lini mtu anatembea njia yote hiyo kwa sababu ya chumvi? (Mimi pia nilikuwa nimeagizwa chumvi, lakini hayo ni maneno mengine.)

Akili yangu ni ya haraka. Nikasema kwa sauti, duka lote lisikie, kwamba hii ni dawa ya minyoo ya ng'ombe. Velji akafungua mdomo. Nikamkanyaga kwa macho, akaufunga. Angeline akasikitika, akauliza ni ng'ombe gani mgonjwa. Nikasema wote. Akasema pole sana Mzee, kweli unawapenda wanyama wako, dawa nyingi hivyo!

Amemeza uongo wote. Macho ya askari kanzu, lakini nimempita.

Kurudi nilipitia njia ndefu ya nyuma ili nisifuatwe. Hakuna aliyenifuata. Hiyo yenyewe inatia shaka. Chumvi nilisahau, na Tapsubei amesema maneno.

Jumatano, 6 Januari

Kazi imeanza. Chokoleti ya siku hizi si chokoleti. Nimeiweka nusu yake kwa sufuria, sufuria juu ya moto, kuni nzuri za mwati. Kwanza harufu ya mbinguni. Halafu moshi. Halafu harufu ya kwato za punda. Nikamwaga maji ndani ili niiokoe. Ikashikana papo hapo! Ngumu, chembechembe, kama ugali wa mtu ambaye hajaoa. Nikaisonga na mwiko. Mwiko ukavunjika!

Nikajua mara moja. Velji amenibadilishia. Au Angeline alirudi dukani akamwambia abadilishe. Lakini dawa ya ng'ombe nani angejisumbua kubadilisha? Hapo bado sijapata jibu. Nitalipata.

Tapsubei akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema, Mzee, hiyo kitu haitaki moto, inataka joto la mvuke. Weka maji kwa sufuria kubwa, weka bakuli juu, na maji yasiiguse. Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema yeye alifua nguo za Memsab nyuma ya jikoni ile ile, na hata yeye Mungu alimpa macho. Nikamwambia mimi najua hayo yote, nilikuwa namjaribu tu. Akaangalia ule mwiko. Ni mwanamke wa kunyamaza vibaya.

Tukiwa hapo ndani ya moshi, hodi! Obiero. Kofia mkononi. Mtu akija na kofia mkononi amekuja kuomba au kuzika. Akasema ana neno moja tu la kuniambia. Macho yake yakapita juu ya bega langu. Pua yake ikafanya kazi. Akasema, Mzee, kuna harufu tamu hapa. Nikasema tunachoma viatu vya zamani. Akasema haya, lakini lile neno langu, Mzee, ni juu ya kile kipande. Nikamwambia neno lako lipeleke kwa kamati Jumamosi. Nikafunga mlango. Akasema kutoka nje kwamba ni neno zuri. Nikakohoa kwa nguvu mpaka akaenda zake.

Neno zuri! Nyoka pia alikuja na neno zuri, na pia ilikuwa juu ya matunda.

Alhamisi, 7 Januari

Ushindi!

Nimekwenda mapema kwa miti ya Memsab, nimechuma plamu na stroberi. Nikayeyusha kidogo ya ile nusu iliyobaki, nikachovya moja, chokoleti ikateleza yote ikaanguka. Umande! Plamu ilikuwa na maji. Nani alizimwagilia? Sitaki kutaja jina. Mungu pia humwagilia, najua, lakini si kwa nia mbaya. Nikapangusa kila tunda na leso yangu ya kanisa mpaka likakauka kabisa, maana chokoleti inachukia maji kuliko paka.

Halafu bakuli tena juu ya sufuria, mvuke chini, chokoleti ikayeyuka polepole, laini kama mafuta ya mwanakondoo. Tapsubei akatia kijiko cha siagi bila ruhusa. Ikang'aa. Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo mimi mwenyewe. Unashika tunda kwa kikonyo, unazamisha, unazungusha mkono kidogo, unaliacha lidondoke kidogo, unalaza kwa karatasi ya mfuko wa unga iliyopakwa samli. Halafu sinia lote ndani ya stoo, kwa ile baridi ya Kiplombe inayouma masikio. Muda kidogo zimekauka. Nyeusi! Zinang'aa kama viatu vya D.O. siku ya Madaraka. Ukigonga na kucha zinalia.

Mpishi lazima aonje. Nikaonja moja. Halafu nikaonja ya pili ili niamini ile ya kwanza. Tapsubei sikumwonjesha. Mwanamke akijua utamu kama huu, kanisa lote litajua kabla ya sadaka.

Jioni nikahesabu. Zimepungua mbili! Nikahesabu tena kuanzia upande ule mwingine. Bado mbili hazipo! Mbili kamili! Tapsubei akasema labda nimekula. Nikamwambia mimi nimeonja. Kula na kuonja ni kazi mbili tofauti.

Kuna mtu anaingia stoo yangu. Basi nimenyunyiza majivu mlangoni, laini kama unga, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mwizi hana mabawa.

Ijumaa, 8 Januari

Usiku niliingia stoo mara moja kuangalia kama ziko salama. Ziko. Nikarudi kulala.

Asubuhi nimesoma majivu. Nyayo! Za akala! Zimeingia na zimetoka! Na nani anavaa akala za tairi hapa? Obiero. (Wengi wanavaa, hata mimi navaa, lakini mimi si mwizi.) Nikaweka mguu wangu juu ya unyayo nipime. Ukaingia sawasawa, mpaka pale kisigino kimelika upande wa nje. Yaani huyu mtu! Ametaka shamba langu. Amevuta namba yangu. Sasa hata mguu ameniiga!

Nikahesabu matunda. Hakuna hata moja lililochukuliwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwizi anayeingia asichukue kitu amekuja kuweka kitu. Ameweka dawa! Majani ya kuharisha, ili kamati nzima ikimbilie mahindi mbele yangu, na mimi nipewe vyura!

Nikanusa moja moja. Zote zinanukia vizuri. Hiyo ndiyo inaonyesha ujanja wake. Kutupa siwezi, chokoleti nyingine haipo. Nikafikiri, labda amepaka moja tu, kwa haraka. Na wajumbe ni wengi. Wacha Mungu achague ni nani.

Mchana jua likawa kali. Chokoleti ikaanza kutoa jasho kama shahidi wa uongo. Nikatafuta mahali pa baridi, mahali Obiero hawezi kuingiza mkono. Nikakumbuka kibuyu! Kile kikubwa cha mursik, ambacho Tapsubei alipewa na mamake alipoolewa. Mtu wa ziwa kama yeye hawezi kufungua kibuyu cha maziwa yaliyolala, anaogopa hata harufu. Nikaingiza stroberi. Nikaingiza plamu, moja moja, nikisukuma na kidole gumba pale shingoni. Tapsubei akaja akapiga yowe. Ati asubuhi hii hii alikisugua ndani na makaa ya mti wa senetwet, masizi bado ni mabichi. Nikamwambia moshi unahifadhi. Nyama inahifadhiwa na moshi, sembuse plamu.

Nikafunga kifuniko na kamba, mafundo matatu. Ili kiwe salama zaidi, usiku huu nakwenda kulala nacho, chini ya blanketi, nimekikumbatia. Tapsubei amesema atalala kwa kiti.

Jumamosi, 9 Januari

Naandika haraka, kabla Obiero hajasimulia ya kwake.

Kamati ilifika. Mwenyekiti Khisa mbele na nyundo ya vigingi, Mama Nasambu nyuma yake, ambaye ni mjumbe na hakopeshi mtu cheko, na wengine. Walianza kwa Obiero. Alikuwa ameleta samaki kutoka Kisumu, mkubwa, mkia nje ya sahani. Akamega ugali, akala kwanza yeye mbele yao, kama mwenye boma anavyotakiwa, ili mgeni ajue hakuna hila. Ni desturi ya kwao, ni ya kwetu pia. Nilikuwa natazama kutoka kwa ua. Alikula tonge kubwa. Tamaa.

Halafu kwangu, Obiero na Angeline wakifuata nyuma. Nilitoa hotuba. Nilianzia kwa Makaburu. Khisa akaniomba nifike Uhuru haraka kwa sababu jua linaenda. Nikaruka nzige, nikafika. Nikasema sasa mtaonja kitu ambacho magavana walionja. Nikachukua kibuyu, nikakiinamisha juu ya sinia.

Hakuna kitu.

Nikakitikisa. Ndani kukalia du! Kama jiwe. Wajumbe wakarudisha viti nyuma. Nikakipiga makofi matakoni. Hakuna. Tapsubei akaninong'oneza niingize mpini wa kijiko. Nikasema inakuja, ina heshima zake. Mama Nasambu akauliza kama kilichomo ndani kiko hai. Watu wakacheka, na mimi damu ikapanda. Nikakipiga kwa jiwe la kusagia.

Kikavunjika. Tapsubei akafunika uso na leso. Na pale kwa sinia ikatua kitu moja. Moja! Kubwa kama kichwa cha ndama, nyeusi, ina vumbi la makaa, vikonyo vimesimama kila upande kama nywele za mtu aliyeshtuka. Plamu moja ilikuwa inachungulia kama jicho.

Jogoo wangu aliondoka.

Mama Nasambu akasafisha koo. Akasema amesikia Mzee alinunua dawa ya ng'ombe juzi, nyingi sana. Je, si ndiyo hii? Angeline akanitetea, pole yake! Akasema hapana Mama, ile ilikuwa ya minyoo. Nikasema hakuna dawa, hii ni chokoleti. Nasambu akasema kumbe ng'ombe si wagonjwa? Nikasema wazima kabisa. Akauliza kwa nini basi niliambia duka zima ni wagonjwa wote. Nikasema hiyo ilikuwa siri. Akawageukia wenzake akasema, mmesikia, kuna siri ndani.

Khisa ni mtu wa amani. Akasema, Mzee Jackson, haya ni maneno rahisi. Wewe ndiye mwenye boma. Onja kwanza, sisi tutakufuata.

Nikanyoosha mkono. Na hapo nikakumbuka nyayo. Majani ya kuharisha! Mbele ya watu wote! Mkono ulienda, ukarudi. Ukaenda tena, ukarudi. Watu wote wakauona. Nikasema Obiero aonje kwanza, yeye ndiye anajua ameweka nini!

Kelele! Obiero akasimama, mrefu, polepole kama kawaida yake. Akasema, Mzee, tangu Jumatano natafuta mlango wako, naona mbao tu. Hiyo stoo nimeingilia wapi? Nikasema nyayo ziko! Kamati nzima ikaenda stoo. Nyayo zilikuwa pale, safi kama muhuri. Khisa akainama, akamwambia Obiero aweke mguu juu. Akaweka. Unyayo ukapotea wote chini yake, na mguu ukabaki mwingine mwingi. Halafu Khisa akaangalia miguu yangu. Nasambu akaangalia. Kila mtu akaangalia. Nikairudisha nyuma.

Ni wazi mguu wa Obiero ulikuwa umevimba. Samaki huvimbisha. Nilisema hivyo. Hawakuandika.

Tuliporudi, Tapsubei alikuwa amesimama juu ya sinia. Amevunja kipande. Akang'oa plamu katikati, akatia mdomoni, akatafuna akitutazama mmoja mmoja. Akatema kokwa. Akang'oa ya pili. Akasema kampuni nzima ya wanaume inaogopa plamu, na mzee wake mwenyewe anaogopa kitu alichopika kwa mikono yake na kulala nacho kama mtoto. Akampa Nasambu. Nasambu akala, akafunga macho. Halafu Khisa. Halafu wote mikono ndani! Kwa nje kulikuwa na makaa kidogo, nakubali, meno yao yakawa meusi kama ya watoto waliokula zambarau. Lakini katikati mambo yalikuwa safi. Ilikuwa kutafuna tu. Angeline alifunga tatu kwa leso, nilimwona. Nasambu aliramba kigae cha kibuyu pande zote mbili.

Mimi sikula. Nilikuwa nangoja nione nani atakimbilia mahindi. Hakuna aliyekimbia. Dawa ya polepole hiyo.

Ndipo Obiero akaomba kusema lile neno lake. Akasema yeye hataki kipande cha jikoni, na tangu ile furaha ya kuruka Jumatatu ilipotulia hakukitaka tena. Yeye ni mtu wa maji. Anataka kinamasi, apande nduma, achimbe bwawa la samaki. Plamu nitafanyia nini, akauliza, nivue nazo? Akasema hilo ndilo alilokuja kuniambia Jumatano, nikamkoholea.

Nikafurahi mpaka nikamshika mkono. Basi kipande ni changu! Nikamwambia Khisa aandike.

Khisa akasema ngoja. Kamati ikajitenga pale kwa mti, si muda hata wa kumaliza sigara moja. Wakarudi. Khisa akatangaza na meno yake meusi, kwamba kipande cha jikoni kimebaki nyumba hii, lakini mtu anayeogopa kula chakula chake mwenyewe hawezi kuandikiwa jikoni. Kitaandikwa kwa jina la Tapsubei. Nikasema Tapsubei hakuvuta karatasi! Mama Nasambu akasema mwanachama ni nyumba, si suruali. Watu wakapiga makofi. Obiero alipiga kwa nguvu kuliko wote, na mikono yake ni mikubwa kama miguu.

Kigingi cha kwanza Tapsubei alikipiga mwenyewe. Alikipiga vizuri. Hiyo inauma zaidi.

Jumapili, 10 Januari

Kanisani nimesalimiwa kwa jina jipya. Mume wa Mama Plamu. Wanawake walimzunguka Tapsubei nje. Mmoja ana harusi ya binti yake wakati wa Pasaka, mwingine ana ubatizo, wote wanataka zile za chokoleti, lakini bila makaa. Nikawaambia fundi ni mimi. Wakasema ndiyo Mzee, na wakaendelea kuongea na yeye.

Tapsubei ameniambia naweza kukata kuni. Akasema kuni zangu zilikuwa nzuri siku zote, hata kwa Memsab. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Sijui kama ni sifa.

Kibuyu amekusanya vigae vyake, ameweka juu ya kabati. Nimemwambia nitamtafutia kingine. Akasema kile kilikuwa cha mamake. Nikatoka nje, nikakata kuni mpaka giza.

Jumatatu, 11 Januari

Sikulala. Nimeshika jambo!

Kwa nini mtu apewe vyura na afurahi? Mtu mwenye akili, mwenye mwandiko mzuri, aache plamu na achukue matope akicheka? Hakuna. Kuna kitu ndani ya kile kinamasi! Bwana Kofia alikuwa anazunguka pale na fimbo kila jioni. Alikuwa anatafuta nini? Leo nimejificha kwa matete nikatazama. Obiero anachimba. Anachimba na kuimba! Akaniona, akaniita, Mzee, njoo nikuonyeshe mahali bwawa litakaa. Anataka nisogee karibu nisione kilicho mbali. Nikakataa. Akasema nikitaka nduma za kupanda atanipa. Zawadi! Tayari ananiziba mdomo!

Nimeamua. Lazima kinamasi kile kiwe changu. Kamati itarudi Pasaka kukagua vigingi. Nitachovya tena, safari hii kwa siri kamili, na nitaweka ndani ya mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba kuliko kibuyu, maana kibuyu kilikuwa na mdomo mpana ndiyo hewa ikaingia. Nimekwenda kwa Velji leo leo. Nani yuko dukani? Angeline! Ati chumvi imeisha. Akauliza Mzee, ni zile tamu tena? Nikasema kwa sauti, duka lote lisikie, hii ni rangi ya viatu. Akasema haya, Mzee. Ameamini kabisa.

Yote niliyoandika ni kweli. Anayebisha amwulize Mwenyekiti Khisa, ambaye meno yake yalikuwa bado meusi kwa ibada. Amwulize Mama Nasambu kama alibakisha hata kigae. Amwulize Velji, ingawa atakataa kwamba nilimkanyaga kwa macho. Tapsubei asiulizwe, siku hizi anajibu kama serikali. Na shahidi mkubwa yuko pale kwa mlango wa stoo. Nyayo zenyewe. Nimezifunika na beseni, na nimekataza mtu kufagia. Nazipima kila asubuhi na mguu wangu, hazijabadilika hata kidogo. Nangoja tu mguu wa Obiero uishe uvimbe.